Upepo Uliozidi Makadirio

Ilikuwapo nchi moja ambayo jina lake nisingependa kulificha, ila limepelekwa wizarani kuhakikiwa, na mpaka naandika haya halijarudi. Basi tuiite nchi tu. Wenyewe wakiisoma hadithi hii watajijua, na wasipojijua, heri yao.

Nchi hiyo ilijaliwa upepo. Mito yake ilikuwa imekauka, na makaa yake ya mawe yalikuwa yameuzwa yakiwa bado chini ya ardhi, lakini upepo ulikuwa haujapata mnunuzi, kwa hiyo wananchi waliachiwa. Juu ya Kilima cha Fahari ikasimikwa mitambo ishirini yenye mabawa marefu, ambayo watu waliiita mapangaboi. Siku ya uzinduzi Mkuu wa Nchi alihutubia kwa saa tatu, na mapangaboi hayakuzunguka hata mara moja. Gazeti la serikali liliandika kwamba upepo ulisimama kwa adabu ili kumsikiliza. Mimi sikuwepo, kwa hiyo sina la kubisha.

Sasa, umeme wa upepo una tabia moja mbaya: hauwekwi ghalani kama mahindi. Unapokuja ndipo unapotumika. Kwa hiyo kila asubuhi ilibidi mtu aseme leo upepo utatoa megawati ngapi, ili watu wa Chumba cha Mgawo wajue ni laini zipi za mitaa ziwashwe na zipi zizimwe. Akisema nyingi kuliko zitakazokuja, laini zinaelemewa na transfoma zinapasuka. Akisema chache, mitaa inakatiwa umeme bure huku upepo unapiga. Mtu huyo alikuwa Bi Zaituni.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwembamba, mpole wa maneno na mkali wa hesabu. Chumba chake kilikuwa mwisho kabisa wa ukumbi, baada ya stoo ya mafagio. Humo alikuwa na vipima-upepo vitatu vizima, kimoja kibovu, na madaftari ya miaka kumi na tisa yenye kila upepo uliowahi kupita pale kilimani. Lakini kipimo alichokiamini kuliko vyote kilikuwa nyumbani, nacho kilikuwa sikio la mumewe.

Fundi Kondo ndiye aliyefunga bolti za mapangaboi yote ishirini. Mabawa yale aliyasugua kwa msasa miaka saba bila barakoa, kwa kuwa barakoa ziliagizwa zikafika baada ya yeye kustaafu. Vumbi likamkaa kifuani. Sasa aliishi kwa mashine ya oksijeni iliyochomekwa ukutani, kando ya kitanda, na mtu aliyeifungia nchi nzima upepo hakuwa na wa kumtosha mwenyewe. Kila asubuhi, kabla mkewe hajavaa viatu, alitega sikio upande wa kilimani.

"Leo yanalia thelathini na mbili, Mama Hidaya."

"Vyombo vyangu vinasema thelathini na tatu."

"Vikarabati."

Bi Zaituni alicheka. Alikuwa amecheka kichekesho hicho hicho kwa miaka, na kila mara alikicheka kwa moyo wake wote.

Mashine ile ilikula umeme wa laini ya kumi na moja. Laini ya kumi na moja ikizimwa, kulikuwa na mitungi miwili ya akiba, na baada ya hiyo hakuna kitu. Zahanati ya mtaa ilikuwa kwenye laini hiyo hiyo. Ndiyo maana Bi Zaituni hakuwahi kuifanyia mzaha namba yake hata siku moja. Wengine ofisini walikuwa wanafanya kazi ya serikali. Yeye alikuwa anamlinda mumewe.

*

Shida ilikuwa njia. Kutoka kwa Bi Zaituni hadi Chumba cha Mgawo, karatasi ya makadirio ilipita meza saba, na katika nchi ile, karatasi ikipita mezani kwa mtu bila yeye kuiongezea kitu, ilikuwa aibu, kama mgeni kupita kwako asipewe hata maji. Nyongeza hiyo iliitwa heshima. Bwana Mfaume, karani wa mapokezi, aliweka megawati mbili tu, kwa kuwa alikuwa mdogo. Msimamizi, Mkuu wa Kitengo na Mkuu wa Idara waliweka tatu tatu. Mkurugenzi na Katibu Mkuu waliweka nne nne. Mheshimiwa Waziri aliweka tano: moja yake, nne kwa niaba ya Mkuu wa Nchi. Jumla ishirini na nne. Hakuna aliyeona kwamba anadanganya. Walikuwa wanaheshimiana.

Mwaka wa kwanza transfoma kumi na moja zilipasuka. Waziri alieleza redioni kwamba zimepasuka kwa wingi wa maendeleo. Moja ilikuwa ya laini ya kumi na moja, na Fundi Kondo akakaa hospitali kuu siku nne akiwa hajitambui. Aliporudi, sauti imebaki uzi, alimwita mkewe kitandani.

"Wewe unawapa ngapi?"

"Zile zilizopo."

"Ndiyo kosa lako. Toa ishirini na nne mwanzo. Wao wenyewe watazirudisha."

"Huo si uongo, Baba Hidaya?"

"Uongo ni ule unaofika. Wako utafika ukiwa kweli."

Tangu siku hiyo, upepo ukiwa wa arobaini, Bi Zaituni aliandika kumi na sita. Zile kumi na sita zilipanda ngazi, zikapewa heshima meza kwa meza, zikaingia Chumba cha Mgawo zikiwa arobaini kamili. Siku upepo ukiwa dhaifu, wa megawati kumi, aliandika hasi kumi na nne. Bwana Mfaume aliikodolea macho ile alama.

"Mama, na hiki kijistari cha mbele ni cha nini?"

"Ni upepo unaorudi nyuma."

"Ahaa," akasema Bwana Mfaume, akaweka mbili zake.

Miaka sita ikapita, transfoma hazipasuki. Waziri alipewa nishani kwa hilo. Bi Zaituni hakumwambia mtu, na mumewe naye hakusema. Ilikuwa siri ya watu wawili na chumba kimoja, na kusema kweli walikuwa na furaha.

*

Miaka ya nchi ile ilikuwa na majina. Kulikuwa na Mwaka wa Tabasamu, ambao walionuna walitozwa faini. Kulikuwa na Mwaka wa Miti, ambao msitu ulikatwa kujengea jukwaa la kuuzindua. Halafu Mkuu wa Nchi alisafiri ng'ambo, akaona watu wanaambiana ukweli mchana kweupe na hakuna anayekamatwa, jambo likamvutia. Aliporudi akatangaza Mwaka wa Ukweli. Fulana zikachapwa. Kwaya zikatunga. Bi Zaituni alipiga makofi pamoja na wenzake, kisha akaendelea kutoa ishirini na nne zake, kwa sababu katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kuona mwaka ukiingia mpaka ndani ya ofisi.

Huu uliingia. Ukatoka Waraka wa Ukweli Namba Moja: kuanzia Jumanne ya juma lijalo, ni marufuku kwa mtumishi yeyote kuongeza chochote juu ya namba iliyofika mezani kwake, na atakayeongeza atafukuzwa kazi. Waraka ulishuka ngazi meza moja kwa siku, maana kila mkubwa alihitaji siku nzima ya kuupokea, kuusoma kwa sauti na kupigwa nao picha. Waziri aliupata Jumatatu, na nakala ikaenda Chumba cha Mgawo. Ukashuka, ukapumzika Jumamosi na Jumapili, ukashuka tena. Bwana Mfaume, meza ya saba, aliupata Jumanne yenyewe saa moja na nusu asubuhi. Meza ya nane, ya Bi Zaituni, ilipangiwa Jumatano.

Naomba msomaji alitazame hilo vizuri, maana mtu alikufa kwa ajili ya hiyo Jumatano.

*

Jumanne asubuhi Fundi Kondo alitega sikio, akatabasamu.

"Arobaini. Tena yanalia vizuri leo, kama yaliyopakwa mafuta."

"Arobaini kweli," alisema Bi Zaituni, ambaye simu yake ilikuwa imeshaleta vipimo. Na kwa kuwa siku ya upepo wa arobaini laini ya kumi na moja haizimwi, aliutoa mtungi mmoja wa oksijeni upelekwe kujazwa. Ule mwingine ulikuwa nusu. Akamfunika mumewe miguu, akaenda kazini.

Saa mbili aliweka karatasi mbele ya Bwana Mfaume. Kumi na sita. Bwana Mfaume aliipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga, akagonga muhuri, akaipandisha ilivyo. Kalamu yake nyekundu hakuigusa.

"Hujambo lakini?" aliuliza Bi Zaituni. "Naona una jasho. Una homa?"

"Shikamoo mama. Sina homa. Nina nidhamu."

Hakuweza kumwambia zaidi. Kutaja waraka kwa mtu ambaye siku yake haijafika kungekuwa kuvujisha nyaraka za serikali.

Saa nne kasoro feni ya chumbani kwa Bi Zaituni ilisita, ikasimama. Aliinua macho akatazama dirishani. Miti ilikuwa imelala upande kwa upepo, mabati ya karakana yalikuwa yanapiga kelele, na kule kilimani pangaboi moja lilikuwa linapunguza mwendo. Likasimama. La pili likasimama. La tatu. Alihesabu. Kumi na mawili yalikuwa yamesimama katikati ya upepo ule, na manane yalikuwa yanazunguka. Manane, mawili mawili, ni kumi na sita.

Alimpigia simu Bwana Ndaro, bwana zamu wa Chumba cha Mgawo.

"Ndaro! Mmezima laini gani?"

"Ya tisa hadi ya ishirini, mama."

"Washa ya kumi na moja! Upepo upo, si unaiona mita yako?"

"Naiona. Ilikuwa inasema arobaini, ikanitia hofu. Makadirio ni kumi na sita. Nimeyafunga breki yaliyozidi."

"Umefunga breki mapangaboi kwa sababu upepo ni mwingi?"

"Kwa sababu umezidi karatasi, mama. Nikiyaachia nitakuwa nimeongeza, na waraka umekataza. Hujausoma?"

"Waraka gani?"

"Kumbe yako ni kesho," alisema Bwana Ndaro, kwa sauti ya mtu aliyeona amesema sana. "Lete karatasi ya masahihisho yenye sahihi saba, nitawasha dakika hiyo hiyo. Wallahi nitawasha mama."

Nyumbani kulikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu, na mabasi ya umeme yalikuwa yamesimama barabarani. Ule mtungi wa nusu ungekwenda saa moja na kidogo. Bi Zaituni alisimama mlangoni pa ofisi. Akienda nyumbani atafika mikono mitupu. Akipata sahihi saba, umeme utarudi kwa kubonyeza kitufe. Alikuwa ameiamini karatasi miaka kumi na tisa. Akachagua karatasi, na mpaka leo hajajisamehe.

*

Bwana Mfaume alilitazama neno arobaini kwenye karatasi ya masahihisho akatikisa kichwa.

"Mama, hii ni nyongeza ya ishirini na nne."

"Si nyongeza. Ndiyo namba yenyewe. Ile ya asubuhi niliipunguza. Naipunguza kila siku, miaka sita sasa, kwa sababu nyinyi mnaongeza."

"Usiseme hivyo mama," Bwana Mfaume alinong'ona, akitazama huku na huku. "Mwaka wa Ukweli huu."

Bi Zaituni alipanda kwa Msimamizi, akapongezwa kwa unyenyekevu wake. Alipanda kwa Mkuu wa Kitengo, akamkuta anachagua fremu ya picha yake na waraka. Mkuu wa Idara alisema angekuwa anaomba kupunguza, kusingekuwa na shida hata kidogo, kupunguza hakujakatazwa. Bi Zaituni alipiga magoti. Alikuwa hajawahi kumpigia magoti mtu asiye mzazi wake.

"Mume wangu yuko kwenye mashine, Mheshimiwa. Nilidanganya. Nifukuzeni, nifungeni, lakini washeni laini."

"Simama, mama yangu," alisema Mkuu wa Idara, na machozi yalimlengalenga kweli. "Namba yako ya asubuhi ndiyo namba safi kuliko zote zilizowahi kupita hapa. Nani ataichafua?"

Alikuwa ngazini, akienda kwa Mkurugenzi, simu ilipoita. Alikuwa Mama Pili, jirani yao.

"Mama Hidaya, mshale wa mtungi umeingia kwenye nyekundu. Nimeenda zahanati, nako wamekaa hivi hivi. Anataka kusema na wewe."

Ikasikika pumzi kwanza, fupi, ya kukwaruza.

"Mama Hidaya."

"Nipo, baba. Nakuja na sahihi. Zimebaki chache."

"Mbona… siyasikii?"

Dirisha la ngazini lilitazama kilimani. Mapangaboi kumi na mawili yalikuwa yamesimama wima, hayatikisiki, na karatasi mkononi mwa Bi Zaituni ilikuwa inapeperushwa na upepo uliopenya kwenye ufa wa kioo.

"Yanazunguka," alisema. "Yote. Ni upepo umegeuka, unapeleka sauti bondeni."

Mtu aliyeishi na upepo ule miaka yote hiyo alijua kabisa kwamba ukiwa wa arobaini haugeuki.

"Haya, mke wangu," alisema. "Umegeuka."

Mama Pili ndiye aliyeichukua simu baada ya hapo. Alilia tu.

Bi Zaituni aliketi kwenye ngazi kati ya Mkuu wa Idara na Mkurugenzi. Watumishi walimpitia wakisema samahani mama, samahani mama, wakishika nguo zao zisimguse. Alikuwa na sahihi sifuri. Alilia kwa sauti mpaka ukumbi mzima ukasikia, na mlango mmoja baada ya mwingine ukafungwa taratibu ili asione haya.

*

Eda ni miezi minne na siku kumi. Ofisi ilimpa siku tatu, kwa kuwa nchi haiwezi kukaa bila makadirio, kisha ikakumbushwa kwamba mjane hatoki, ikaamua kumfuata nyumbani.

Wakaja na kwaya, kipaza sauti na jenereta la kukiendesha. Bi Zaituni alikaa ndani kwa nguo nyeupe, nyuma ya pazia la mlango wa chumba. Mkurugenzi alihutubia lile pazia.

"Ndugu mfiwa! Kwa mara ya kwanza katika historia ya taifa letu, makadirio yalisema kumi na sita, na mitambo ikatoa kumi na sita! Si kumi na tano, si kumi na saba! Upepo uliosalia ulikuwa mtovu wa nidhamu, na umeshughulikiwa. Kwa usahihi huo, Mkuu wa Nchi amekutunuku Nishani ya Ukweli, daraja la kwanza."

Makofi. Nishani ilipitishwa chini ya pazia kwenye kisahani. Mkurugenzi akasubiri neno la shukrani. Kutoka nyuma ya pazia Bi Zaituni alisema, "Siku ile upepo ulikuwa arobaini. Mlimzimia umeme." Mkurugenzi aliinamia kipaza sauti akawaeleza waliohudhuria kwamba mama anashukuru sana, ila ana majonzi. Kwaya ikaimba. Kisha wakapakia jenereta wakaondoka.

Alibaki Bwana Mfaume, kwa sababu kulikuwa na karatasi.

"Mama, shikamoo. Pole sana. Ni ripoti ya siku ile, inataka sahihi yako."

Karatasi ikapenya chini ya pazia pamoja na kalamu. Bi Zaituni alivaa miwani. Upepo uliokadiriwa: kumi na sita. Uliopatikana: kumi na sita. Transfoma zilizopasuka: sifuri. Waliofariki: sifuri.

Alikaa nayo mapajani muda mrefu. Chumba kilinuka ubani, na kitanda kilikuwa kimeegeshwa ukutani bila godoro.

"Bwana Mfaume, hapa mstari wa mwisho. Ongeza mmoja."

Kivuli cha Bwana Mfaume kwenye pazia kikarudi nyuma hatua moja.

"Bwana Mfaume."

"Namba imekuja mezani kwangu ikiwa sifuri, mama. Imetoka juu."

"Ulibeba jeneza wewe. Nilisikia sauti yako."

"Nilibeba." Alikuwa analia sasa, mtu mzima, kamasi zinamtoka. "Nilibeba mbele, upande wa kulia. Siwezi kuongeza, mama yangu. Nina watoto watano. Wallahi ingekuwa mwezi uliopita ningekuwekea hata watatu."

Bi Zaituni aliirudisha karatasi chini ya pazia, haina sahihi.

"Sikutaka watatu," alisema. "Nilikuwa naye mmoja tu."